Huyu ni mgeni wangu: niliyowaambia vijana kabla hatujavuka kwenda Kilwa Kisiwani

Haya ndo niliyoongea na wanafunzi wa kidato cha nne na cha sita waliokuja kututembelea Kilwa Masoko na walimu wao, tukiwa tumekaa chini ya mwembe tunasubiri maji yajae ndo tuvuke kwenda kwenye magofu ya mji wa kale kule Kisiwani. Baadhi yao waliniomba niyaandike, nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, sijayapiga pasi.

Wazee wangu shikamooni, walimu poleni na safari, na nyie vijana poleni zaidi manake najua mmekaa kwenye basi usiku kucha. Karibuni sana Kilwa.

Kabla sijaanza naomba hiki kizunguke. Mpasiane mkono kwa mkono, taratibu, kisidondoke jamani, nimeazimwa na kinatakiwa kirudi leo leo. Ni kigae tu, kipande cha bakuli, hakizidi upana wa vidole vitatu. Tazameni rangi yake, ni kijani lakini sio kijani cha kopo la rangi la dukani, ni kama jani la mgomba linapofunguka asubuhi kabla halijakolea, na ukikigeuza kwenye jua utaona ndani ya ule mng'ao kuna mistari midogo midogo kama nywele. Sasa pitisha kidole pale kilipovunjika. Udongo wake wa kijivu, mgumu kama jiwe, haufanani hata kidogo na udongo wa vyungu vyetu vya huku. Huo udongo ulichimbwa Longquan, mkoa wa Zhejiang, mashariki mwa Uchina, ukafinyangwa huko huko, ukachomwa kwenye tanuri refu lililopanda mlima kama nyoka, na miaka kama 650 iliyopita lile bakuli lilikuwa limeshafika hapo ng'ambo mnapopaona, liko nyumbani kwa mtu.

Hebu fikirieni. Mwaka 1350 hivi, hakuna meli ya injini, hakuna kontena, hakuna benki, huna wa kumpigia simu umuulize mzigo umefika wapi. Wengi wakisikia hii habari wanamuwaza mtu mmoja jasiri, Mchina, kapanda chombo kwao na bakuli lake kaja nalo moja kwa moja mpaka Kilwa. Haikuwa hivyo. Karibu hakuna mtu aliyesafiri njia nzima. Bakuli lilipita mikononi kama kigae kinavyopita sasa hivi mikononi mwenu, likateremka na mto mpaka bandarini, likapakiwa kwenye chombo cha Kichina mpaka kusini mwa India, Calicut au Quilon, pale likauzwa, likapanda chombo kingine kwenda Khambhat kule Gujarat au Hormuz au Aden, likauzwa tena, ndo likaja huku kwetu. Kila aliyelishika alimjua aliyempa na aliyempelekea, basi. Aliyelifinyanga hakuwahi kulisikia jina la Kilwa, na aliyelilia wali hapa hakujua kama Longquan ni mji au ni jina la mtu.

Swali langu mimi miaka yote limekuwa hilo, watu wasiojuana, wasiosali pamoja, wasioelewana lugha, waliaminiana vipi mpaka vitu vya thamani vikapita mikononi mwao maelfu ya kilomita bila kupotea njiani? Jibu nililolipata ni kwamba walilazimika kukaa pamoja. Upepo ndo uliwalazimisha.

Nyie wa bara labda upepo ni upepo tu. Huku ni kalenda. Kuanzia Novemba mwishoni au Desemba mpaka Machi inavuma kaskazi, inatoka upande wa Arabuni na India inakuja huku. Halafu inatulia, masika yanaingia, na kuanzia Aprili upepo unageuka unakuwa kusi, unavuma kutoka huku kwenda kule mpaka Septemba hivi. Chombo cha tanga kinaweza kubisha, yaani kwenda kwa kukata kata dhidi ya upepo, lakini kubisha ni kwa safari fupi, huwezi kubisha bahari nzima. Unakuja na kaskazi, unarudi na kusi. Hata hili neno msimu tunalolitumia kila siku, msimu wa maembe, msimu wa ligi, ni neno la mabaharia, kwa Kiarabu ni mawsim, wakati maalum wa kusafiri, na Wazungu nao walilichukua hilo hilo wakaupa huo upepo jina, monsoon.

Sasa pigeni hesabu. Umetoka Oman na kaskazi nzuri, wiki tatu mpaka nne upo pwani ya huku. Umeuza, umenunua, tuseme ni Februari na unataka kurudi kwa mkeo. Huwezi, kusi haijaanza. Kusi ikija ikashika kasi Juni na Julai nayo haifai, mawimbi yanavunja vyombo na bandari za magharibi mwa India zinafungwa, kwa hiyo ama uwahi kuondoka Aprili mpaka Mei ama usubiri mpaka Agosti. Ukikosea hesabu umekaa mwaka.

Na hapa ndo mtajua kwa nini mji mkubwa ukawa hapa Kilwa na sio kwingine. Dhahabu ilitoka kusini, Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, na Sofala ni mbali mno kwa chombo kilichotoka Arabuni au Gujarat, kikienda mpaka kule hakiwezi kurudi ndani ya msimu mmoja. Kilwa kilikuwa kinafikika. Kwa hiyo watu wa Kilwa walikuwa na vyombo vyao vinavyokwenda Sofala na kurudi, wanaleta dhahabu na pembe wanaziweka hapa, mgeni wa kaskazini akifika anazikuta stoo. Upepo uliichagulia Kilwa nafasi yake, na watu wake wakajua kuitumia.

Turudi kwa huyu mgeni wetu mwenye miezi mitatu au minne ya kusubiri. Yuko kwenye mji wa watu. Analala wapi? Anakula kwa nani? Nani analinda mali yake usiku, nani anamwambia bei ya leo ya pembe ni hii na yule pale ni tapeli usimkopeshe?

Mwaka 1331 alipita huku msafiri kutoka Morocco, Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier, alikuwa hajafika hata miaka 30. Alianzia Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, akaja hapa Kilwa, akaiandika kuwa ni katika miji mizuri kabisa. Watu wa Kilwa tunapenda kuyataja hayo. Ila mimi alichokiandika kuhusu Mogadishu ndo kinanishika zaidi, nimekirudia mara nyingi na kila mara naona kitu kipya. Anasema chombo kikifika kutia nanga, mashua ndogo ndogo zinatoka ufukweni kukifuata, ndani yake mna vijana, na kila kijana kabeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana anapanda chomboni, anamwendea mfanyabiashara mmoja, anampa ile sahani, anasema: huyu ni mgeni wangu. Kila mmoja anafanya hivyo. Na yule mfanyabiashara akishuka haendi kwingine, anakwenda nyumbani kwa yule aliyempa chakula, isipokuwa kama ni mtu aliyezoea kuja na ana watu wake anaowajua. Kuanzia hapo mwenyeji ndo anamuuzia mali yake na ndo anamnunulia. Na mtu akinunua kwa yule mgeni kwa bei ya kumpunja, au akimuuzia kitu mwenyeji wake hayupo, biashara hiyo inakataliwa, haihesabiki.

Nikisoma pale naiona kawa, kawa ya ukili kama zile zinazosukwa hapa hapa, mvuke unatoka pembeni, na kijana wa umri wenu anajisawazisha kwenye mashua inayoyumba ili mchuzi usimwagike. Kile chakula kilikuwa hoteli, kilikuwa dalali, kilikuwa bima na kilikuwa benki, vyote ndani ya sahani moja. Tuna methali yetu, mgeni njoo mwenyeji apone. Tunaisema kwenye harusi na kwenye siasa kana kwamba inahusu ukarimu peke yake, lakini isikilizeni kwa sikio la biashara muone, mwenyeji apone, manake mgeni akiuza vizuri na mwenyeji naye ana fungu lake, na mgeni akiibiwa ni mwenyeji anayeaibika mji mzima. Dada zetu wa Kariakoo wanaoagiza mzigo Guangzhou leo watawaambia hivyo hivyo, huendi kichwa kichwa, lazima uwe na mtu wako kule.

Na chakula chenyewe alichokila Ibn Battuta kule Mogadishu ameandika ni nini. Wali uliopikwa na samli, umepakuliwa kwenye chano kubwa la mti, juu yake mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Chombo kingine maziwa ya mgando na ndimu za achari, na tangawizi mbichi, na maembe. Nyie niambieni hiyo ni sinia ya mwaka 1331 au ni ya arusi ya wiki iliyopita hapo Kivinje? Bibi yangu alikuwa anapanga ndimu kwenye ungo, amezichana misalaba na kuzijaza chumvi, anaziweka juani siku kadhaa mpaka zinalegea na kuwa rangi ya kahawia, na sisi watoto kazi yetu kufukuza kuku. Mpaka leo nikisikia harufu ile namkumbuka na nawakumbuka hawa wageni.

Tuitazame hiyo sinia vizuri. Mchele ule asili yake Asia. Ndizi ni za kusini mashariki ya Asia, na kuku hivyo hivyo ni ndege wa Asia. Embe na tangawizi zimetoka Asia. Sio kwamba tulikuwa wa kupokea tu, sisi tulitangulia kupeleka. Mtama ni wa Afrika, ulezi ni wa Afrika, kunde ni za Afrika, na vyote vitatu vilishafika India maelfu ya miaka iliyopita, kabla hakujawa na mji wowote wa mawe kwenye pwani hii. Ukienda Karnataka leo, kusini mwa India, ulezi wanauita ragi, na wanausonga unakuwa tonge kubwa la kahawia wanalolichovya kwenye mchuzi. Ni ugali ule! Mkulima wa kule anaulima shambani kwake kama wa babu yake na ni kweli ni wa babu yake, ameupokea kwa watu walioupokea kwa watu wengine mpaka unafika huku.

Vitu vya namna hiyo havihamishwi na mtu anayeshusha mzigo na kuondoka kesho yake. Mbegu inahitaji mtu wa kukuonyesha inapandwa lini na inapikwaje, na huyo ni mtu uliyekaa naye.

Wakikaa wanaoana pia. Kuna mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki na mfanyabiashara wa Misri katika karne ya 1, unataja soko la mwisho la pwani hii, Rhapta, ambako watu wake walikuwa na mashua za kushonwa. Unaorodhesha bidhaa, mikuki iliyotengenezwa Muza huko Yemen maalum kwa soko la huku, shoka ndogo, visu, vitu vya kioo, na kutoka huku pembe nyingi za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Halafu katikati ya hizo bei unaweka jambo moja la kibinadamu, kwamba watu wa Muza wanatuma manahodha na mawakala Waarabu ambao wamezoeana na wenyeji, wameoa kwao, wanaijua pwani yote na wanaijua lugha. Karibu miaka 2,000 iliyopita hiyo! Mfanyabiashara anaandikia wenzake kwamba siri ya soko la Azania, yaani pwani yetu hii, ni mtu aliyeoa huko na anayeongea lugha ya huko.

Na mwaka 2023 wanasayansi walichapisha matokeo ya DNA ya watu 80 waliozikwa zamani kwenye miji ya pwani, pamoja na Manda, Mtwapa na hapa Kilwa. Kwa wengi wao upande wa mama ni Waafrika, upande wa baba wapo waliotoka Asia, hasa Uajemi, na kuchanganyika huko kulianza kama mwaka 1000. Wale waliokuwa wanacheka simulizi za bibi zetu kuhusu Washirazi, wageni waliotoka Uajemi, ilibidi wanyamaze. Lakini na wale waliodai miji hii ilijengwa na wageni kwenye pori tupu nao wanyamaze, manake kule Shanga, kisiwa cha Pate, Kenya, wachimbaji wa mambo ya kale wa miaka ya 1980 walikuta kijiji cha miti na udongo kinakua tabaka juu ya tabaka mpaka kinakuwa mji wa mawe, na msikiti wa kwanza kabisa mdogo wa miti wa karne ya 8. Wenyeji walikuwepo, ndo maana kulikuwa na wa kumkaribisha mgeni. Na lugha ikabaki ya mama. Watoto wa nahodha walilelewa na mama, shangazi na bibi, wakazungumza Kiswahili, lugha ya Kibantu, na baba akaongezea maneno ya kazini kwake. Nahodha ni la Kiajemi, nau ni chombo, khoda ni bwana. Bandari Kiajemi. Pamba Kiajemi. Laki, hundi, ni India. Mnaona maneno yenyewe? Ni ya bandarini na dukani. Mama, baba, moto, maji, mtoto, kulala, hayo hakuna aliyetuletea.

Na simulizi la kale la Kilwa lenyewe linasema yule Mshirazi wa kwanza alikinunua kisiwa kwa mwenyewe kwa nguo, akatandaza nguo za rangi kukizunguka kisiwa chote. Mnaweza kubisha kama ilitokea kweli hivyo, mimi ninachokiona ni kwamba hata walipotaka kueleza mji wao ulivyoanza walieleza kwa maneno ya mauziano, kuna mwenye mali, kuna mgeni, kuna bei waliyokubaliana.

Sasa nyie mnaotoka mbali na bahari msidhani hii habari ni ya watu wa pwani tu. Kigae kama hicho mlichoshika kimeokotwa Great Zimbabwe, karibu kilomita 400 kutoka baharini, ndani ya mji uliojengwa kwa mawe matupu bila chokaa, kuta zake nyingine zina mita 11 kwenda juu. Na pale pale ikaokotwa sarafu ya shaba iliyopigwa hapa Kilwa, ina jina la sultani al-Hasan bin Sulaiman, huyo huyo aliyempokea Ibn Battuta. Hizi sarafu ndogo kama kifungo cha shati, upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na hizo pande mbili zimeandikwa kwa vina. Hela yenye vina! Mtu alikuwa na shairi mfukoni. Nyingine tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 na mwanajeshi kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, upande wa pili kabisa wa bahari hii.

Kule Indonesia, karibu na kisiwa cha Belitung, mwaka 1998 wazamiaji walikuta chombo kilichozama kama mwaka 830. Ndani yake mali ya Uchina, vipande karibu 60,000, mabakuli mengi sana ya Changsha, mji wa huko huko Uchina, yamepangwa ndani ya mitungi mikubwa yasivunjike, na bakuli moja limeandikwa tarehe inayolingana na mwaka 826. Ila chombo chenyewe hakikuwa cha Kichina. Kilikuwa cha kushonwa kwa kamba, mtindo wa Arabuni, hakina msumari, na mbao zake nyingi ni za mti wa Afrika wa jamii moja na mkongo wetu, mbambakofi kama wanavyouita upande wa Kenya. Mbao za Afrika, ushonaji wa Waarabu, mzigo wa Wachina, vyote vimelala pamoja kwenye mchanga. Na sisi tulikuwa na wetu wa kushonwa, mtepe, kamba ya makumbi na tanga la mkeka, umeendelea kutumika mpaka karne ya 20.

Kuna jambo siwezi kulipita hata kama linauma. Kwenye njia hizi hizi, na upepo huu huu, waliuzwa watu. Mwaka 869 watumwa karibu na Basra, Iraq, walioitwa Zanj, yaani watu wa upande wetu huu, waliokuwa wanakwangua ardhi ya chumvi chini ya jua, waliasi wakapigana miaka 14 mpaka 883. Na baadaye sana, 1776, sultani wa hapa Kilwa aliweka mkataba na Mfaransa mmoja, Morice, wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Wengine walitembea kutoka huko huko mnakotoka nyie, Ziwa Nyasa na kusini yote. Huyo hakuletewa sahani. Hakuna aliyesema huyu ni mgeni wangu. Ninapowasifia mababu wa pwani hii kwa walivyojua kupokea watu lazima niseme na hili, manake ni bandari moja, ngazi moja, na wakati mwingine nyumba moja.

Halafu wakaja Wareno, na hapo muangalie kitu kimoja tu, habari ya kusubiri. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, mfalme wa Malindi akampa rubani anayeijua bahari, wakaondoka 24 Aprili, kusi ndo inaanza, na 20 Mei wako Calicut. Siku 26. Safari ya kurudi hakutaka kusubiri msimu. Akakatiza bahari mwezi Oktoba, akahangaika na upepo karibu miezi mitatu mpaka Januari 1499, na watu wake kama 30 wakafia baharini kwa maradhi. Bahari ile ile. Mwaka 1502 akaja hapa na mizinga akaitoza Kilwa dhahabu, na dhahabu ile ikapelekwa Lisbon ikatengenezwa monstransi, chombo cha kanisani cha kuonyeshea ekaristi, ilikamilika 1506, ipo mpaka leo kwenye jumba la makumbusho kule. Mwaka 1505 Wareno wakarudi na kamanda wao Almeida, wakaupora mji, wakajenga ngome ufukweni. Hii ngome ndo naomba muitafakari. Kwa miaka zaidi ya elfu mgeni wa pwani hii alikuwa analala nyumbani kwa mtu. Hawa wakajenga nyumba yao wenyewe yenye mizinga, inayotazama bahari na inayotazama mji, hawakutaka mwenyeji. Wakaanza na kulazimisha vyombo vyote vya baharini vinunue kibali chao. Dhahabu ya Sofala ikaacha kupita hapa, na Kilwa ikaanza kupungua, nyumba moja moja. Gereza mtakaloliona mkishuka, ndivyo inavyoitwa ngome ya pale, ni la Waomani wa baadaye, limesimama pale ilipokuwa ngome ile.

Maji naona yameshajaa na nahodha ananitazama. Mambo machache ya kufanya mkifika. Kwenye nyumba za mawe, ingieni chumba chochote mpime upana kwa hatua, mtakuta vyumba ni virefu lakini vyembamba, hatua tatu nne mmemaliza. Sababu ni boriti. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na mkoko mnyoofu wa kubeba dari ya mawe hauzidi sana mita tatu, kwa hiyo mti ndo uliamua chumba. Na boriti hizo hizo, za Rufiji hapo juu na za Lamu, zilipakiwa kwenye majahazi kila kusi zikaenda Ghuba ambako hakuna miti ya maana, kwa hiyo nyumba za zamani za Kuwait na Bahrain nazo vyumba vyake ni vyembamba vile vile, na boriti hizo kule wanaziita chandal. Mzee wa Bahrain akilala chali akatazama juu, anatazama Rufiji.

Halafu tutatembea mpaka Husuni Kubwa, jumba la kale la sultani, jua litakuwa kali bebeni maji. Vyumba zaidi ya 100, birika la kuogea la pembe nane, na ua mkubwa uliozungukwa na vyumba vya stoo, hapo ndo mali ilikuwa inasubiri na wenye mali wanasubiri. Upande wa bahari kuna ngazi pana inateremka kuelekea majini. Mkiifikia mkae kidogo pale juu, msikimbilie kupiga picha, mtazame kaskazini mashariki. Huko ndo matanga yalikuwa yanaonekana kwanza, na mtu aliyekaa pale alikuwa na muda wa kutosha kurudi ndani kusema weka chungu motoni.

Haya, nani wa mwisho kashika kigae? Lete mwanangu, ahsante. Twendeni.